USTADHI HAKUIKIMBIA DINI, AMEIKIMBIA DHULUMA YETU



Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), pamoja na ahli zake na maswahaba zake wote. Amma baad.

Ndugu zangu katika imani, maneno ya leo ni marefu na ni makali. Nyinyi mnaoendesha madrasa za bweni, vituo vya hifdhi na seminari zetu za Kiislamu, nawaomba msome mpaka mwisho kabla hamjaandika chochote. Na mjue kwamba mtu wa kwanza ninayemsema humu ni mimi mwenyewe.

Miezi michache iliyopita nilitoka msikitini baada ya Isha, nikaita bodaboda. Kijana aliyekuja alivua kofia ngumu, akanipa mkono kwa adabu: "Assalaam alaykum, shekhe." Nikamtazama usoni. Alikuwa ustadhi! Hafidhi wa Qur'an. Miaka mitatu alifundisha hifdhi kwenye kituo cha bweni ambacho mimi nilikuwa mjumbe wa kamati yake.

Nikamwambia kwa masikitiko, tena kwa sauti ya lawama: "Ustadhi, umeiacha Qur'an ukaingia kwenye pikipiki?"

Akanyamaza kidogo, kisha akanijibu: "Shekhe, Qur'an sijaiacha. Naisoma hapa kijiweni nikisubiri abiria. Nilichokiacha ni kuomba mshahara wangu kama naomba sadaka."

Sikuwa na jibu. Tukaenda. Nilipofika nyumbani nikamlipa pesa yake, akanirudishia chenji, akaniombea dua, akaondoka. Nikabaki nimesimama mlangoni. Mtu huyu nimemlipa kwa mwendo wa dakika kumi kabla injini yake haijapoa. Na kamati yangu ilimkalia na mshahara wa miezi minne!

Nikakumbuka kikao. Alikuja na barua mkononi. Mkewe alikuwa mjamzito, mwenye nyumba alikuwa anamdai kodi. Tukamsikiliza. Kisha mmoja wetu akamwambia: "Ustadhi, vumilia. Kazi hii ni fisabilillah, malipo yako yako kwa Allah." Aliyesema hivyo ni mimi. Ajenda iliyofuata ilikuwa marumaru za ukumbi, ili ziwahi siku ya ufunguzi. Marumaru zikapitishwa.

Astaghfirullah. Astaghfirullah.

Sasa sikilizeni kilichofuata. Ustadhi alipoondoka aliacha vijana thelathini. Mmoja wao alikuwa amefika juzuu ya kumi na saba. Akaja mwalimu mpya, akamwambia kisomo chako hakijanyooka, anza upya Juzuu Amma. Akaanza. Mwalimu huyo naye akaondoka kabla mwaka haujaisha. Akaja wa tatu, na yeye ana njia yake. Mama wa yule mtoto akaja kumchukua mwanawe. Aliniambia neno moja tu: "Shekhe, mwanangu alikuwa anaamka mwenyewe usiku kufanya murajaa. Sasa akiuona msahafu anaangalia pembeni."

Haya niambieni: dhambi ya mtoto yule ataibeba nani? Mwendesha bodaboda?

KILIO CHA VIONGOZI

Kila mwaka napigiwa simu na mamudir: "Shekhe, tutafutie ustadhi mwenye kujituma. Vijana wa siku hizi hawana moyo. Hawana ikhlasi. Wanatazama pesa tu." Kwa muda mrefu nilikuwa naitikia. Leo naikataa kauli hiyo hadharani.

Moyo wa kujituma hauagizwi kwa simu kama mchele. Moyo hujengwa, na hujengwa na yule anayeajiri kabla ya yule anayeajiriwa. Taasisi isiyotimiza ahadi yake haina haki ya kudai utiifu wa mwalimu wake. Anayeivunja amana kila mwisho wa mwezi, kisha akahutubia walimu kuhusu amana, huyo hafanyi tarbia. Huyo anawafundisha walimu kwamba maneno ya dini ni pazia la kuficha madeni.

Viongozi wetu wana ngao tatu wanazojificha nyuma yake. Nitazivua moja baada ya nyingine.

NGAO YA KWANZA: "MWALIMU AWE NA IKHLASI"

Ndiyo, awe nayo. Lakini nani kakwambia ikhlasi na mshahara havikai nyumba moja?

Kuna mja mwenye ikhlasi katika umma huu baada ya Mtume (s.a.w.) kumshinda Abubakar Siddiq (r.a.)? Bukhari amepokea kwa Bibi Aisha (r.a.) kwamba Abubakar alipopewa ukhalifa alieleza wazi: watu wake wanajua kuwa biashara yake ilikuwa inaitosha familia yake, na sasa ameshughulishwa na mambo ya Waislamu, basi familia yake itakula katika mali hii. Hakuna swahaba aliyemwambia: "Ewe Siddiq, vumilia, malipo yako yako kwa Allah." Walielewa kwamba mtu ukimchukulia muda wake wote, umebeba chakula cha watoto wake.

Tazameni na mateka wa Badr. Wale wasiokuwa na mali ya kujikomboa, Mtume (s.a.w.) alijaalia fidia yao iwe kuwafundisha watoto wa Kianswari kuandika. Yaani kazi ya kufundisha ilihesabiwa kuwa na thamani ya kumwachia huru mtu aliyekuja kupigana na Waislamu! Kafiri wa Badr kazi yake ya kufundisha ilipewa thamani, na hafidhi wa Qur'an kazi yake tunaipa dua peke yake?

Na kuhusu kupokea ujira kwa ajili ya Qur'an yenyewe, imepokewa na Bukhari katika kisa cha maswahaba waliomsomea Fatiha mtu aliyeumwa na mdudu wakapewa kondoo. Mtume (s.a.w.) aliwabainishia kuwa Kitabu cha Allah ndicho kinachostahiki zaidi mtu kuchukulia ujira.

Atakuja mtu aniambie: mbona wanazuoni wa mwanzo wa madhehebu ya Hanafi walikataza ujira wa kufundisha Qur'an? Ni kweli, walikataza. Na ipo hadithi ya Ubada bin Samit (r.a.) aliyepewa upinde na mwanafunzi wake akaonywa. Siifichi, kwa sababu haki haiogopi hoja. Wako wanazuoni walioieleza kuwa Ubada alianza kufundisha kwa nia ya kujitolea bila sharti la malipo. Ama Mahanafi waliokuja baadaye, wao wenyewe waliruhusu ujira, na sababu waliyoitaja ni hii: walimu wa mwanzo walikuwa na mafungu yao kutoka Baitul Mali, na mafungu hayo yalipokatika ikahofiwa Qur'an itapotea. Sisi wa huku Afrika Mashariki, ambao wengi wetu ni Mashafi, ujira huu unajuzu katika madhehebu yetu. Kwa hiyo anayetaka kumzuilia mwalimu ujira kwa hoja ya wale wa mwanzo, basi alete na ile Baitul Mali iliyokuwa inamlisha.

Neno la mwisho juu ya ikhlasi. Imam Ghazali aliteuliwa kufundisha Nidhamiyya ya Baghdad mwaka 1091, na mwaka 1095 akaiacha kazi ile yenye heshima kubwa kwa sababu aliihoji nia yake mwenyewe. Sikia vizuri: nia YAKE MWENYEWE. Ikhlasi ni mtu kujihesabu, si bosi kumhesabia mfanyakazi wake. Mudir anayepima ikhlasi ya ustadhi kwa idadi ya miezi anayovumilia njaa, amejipa kazi ambayo ni ya Allah peke yake.

NGAO YA PILI: "FEDHA HAKUNA"

Haya. Tutembee kwenye vituo vyetu. Geti jipya lipo. Mnara upo, vipaza sauti vipo. Siku ya mashindano ya kuhifadhi kuna mahema, kuna ngamia au ng'ombe wamechinjwa, kuna wageni wamelipiwa nauli na hoteli. Fedha hiyo ilitoka wapi?

Ukweli ni kwamba fedha ipo, ila inapenda kupigwa picha. Mfadhili husimama mbele ya jengo akapigwa picha. Nani amewahi kupigwa picha akiwa amesimama mbele ya mshahara wa mwezi wa tatu? Kwa hiyo tunajenga kuta tunazozijua kuzionyesha, na tunamwacha na njaa yule anayezifanya kuta hizo ziitwe madrasa. Ondoa ustadhi, hilo jengo ni ghala.

Mtume (s.a.w.) ameamrisha ajiriwa apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka, hadithi ameipokea Ibn Majah. Katika hadithi ya Bukhari na Muslim, amebainisha kwamba mwenye uwezo kuchelewesha kulipa deni ni dhuluma. Na ipo hadithi nzito zaidi katika Bukhari, ambayo kila mjumbe wa kamati angeibandika mlangoni: Allah mwenyewe atakuwa mgomvi wa watu watatu Siku ya Kiyama, na mmoja wao ni yule aliyemwajiri mtu, akamtumikisha kazi yake ikakamilika, kisha asimpe ujira wake.

Mgomvi wako ni Allah! Utamleta wakili gani siku hiyo? Utaonyesha marumaru?

NGAO YA TATU: "WAZEE WETU WALIFUNDISHA BURE"

Hii ndiyo inayopendwa zaidi, na ndiyo yenye uongo mwingi. Wazee wetu waliofundisha vyuoni, kuanzia Lamu na Mombasa mpaka Tanga, Bagamoyo na Unguja, hawakuachwa hivi hivi. Mwalimu alikuwa na shamba lake, au mashua, au cherehani. Watoto walileta ada yao ya wiki, hata kama ni kidogo. Mtoto akihitimu, wazazi walimpelekea mwalimu zawadi ya khitima. Wanafunzi walimsaidia shambani, akina mama walimpelekea sahani. Wenye mali waliweka wakfu wa minazi na nyumba kwa ajili ya msikiti na elimu. Mji mzima ulimbeba mwalimu.

Na mwalimu yule alisomesha asubuhi au jioni, kisha akarudi kwake. Ustadhi wa bweni leo anaamka saa kumi alfajiri kuwaamsha watoto, anasikiliza hifdhi baada ya Alfajiri, anafundisha asubuhi, anasimamia murajaa baada ya Alasiri, ana halaka baina ya Maghribi na Isha, anahakikisha watoto wamelala saa nne usiku. Hesabu: ni saa kumi na nane. Mtoto akiumwa saa nane za usiku, mlango unaogongwa ni wake. Atalima saa ngapi? Umemfungia bwenini pamoja na watoto, umemziba njia zote za riziki, kisha unamwambia awe kama wazee!

KISA AMBACHO TUNAKISOMA BILA KUKISIKIA

Fungueni Suratul Qasas, aya ya 26 mpaka ya 28. Nabii Musa (a.s.) yuko Madyan, mgeni, hana kitu. Binti anamshauri baba yake amwajiri, kwa kuwa mbora wa kuajiriwa ni mwenye nguvu na mwaminifu. Sisi tumeishia hapo. Kila usaili wa mwalimu tunaisoma aya hiyo: tunataka mwenye nguvu, tunataka mwaminifu.

Endelea kusoma. Yule mzee wa Madyan alifanya nini? Alimtajia Musa malipo yake. Alimtajia muda: miaka minane. Akamwambia kuwa akitimiza kumi, hiyo miwili ni hiari yake mwenyewe. Akamhakikishia kuwa hataki kumtaabisha. Na Musa akakubali, akamfanya Allah kuwa shahidi wa mapatano yao.

Ona mpangilio huo! Miaka minane ni haki, miaka miwili ni hisani. Na Musa alitimiza mingapi? Ibn Abbas (r.a.) alipoulizwa, kama ilivyo katika Bukhari, alijibu kuwa alitimiza ule muda mrefu zaidi. Musa alijitolea. Alitoa ziada ambayo hakuna aliyemlazimisha. Lakini aliitoa kwa mtu aliyemwekea wazi haki yake kwanza.

Hapa ndipo hoja yangu yote ilipo. Kujituma huja JUU ya haki, hakuji BADALA ya haki. Sisi tunaitaka ile miaka miwili ya hisani kutoka kwa mwalimu ambaye ile minane ya haki hatujamlipa.

BASI TUFANYE NINI?

1. Mkataba wa maandishi. Kazi gani, saa ngapi, mshahara kiasi gani, unalipwa tarehe ngapi, likizo lini, kila upande utoe taarifa ya muda gani kabla ya kuachana. Kama Nabii wa Allah alipewa masharti ya wazi, ustadhi wako ni nani hata aajiriwe kwa "tutaonana mwisho wa mwezi, inshaallah"? Usilitumie jina la Allah kukwepa tarehe.

2. Mshahara kabla ya matofali. Kamati ipitishe azimio: hakuna ujenzi wala sherehe kama kuna mwalimu anayedai. Kama fedha ni ya walimu watano, usiajiri kumi. Kama huwezi kulisha na kusomesha watoto mia, pokea arubaini.

3. Mtenganishe mwalimu na mlezi wa bweni. Awepo mtu wa usiku. Ziwepo zamu. Mwalimu awe na siku ya kukaa na mke wake na watoto wake. Ndugu zangu, mwalimu aliyechoka, mwenye madeni, aliyeachiwa watoto sitini peke yake, ni hatari. Ile bakora inayomuumiza mtoto mara nyingi huanzia kwenye uchovu ambao kamati iliujua ikanyamaza. Simtetei anayepiga. Nasema tu kamati nayo imeshika ncha moja ya fimbo ile.

4. Heshima na sauti. Usimkaripie ustadhi mbele ya wanafunzi wake, kisha ushangae wanafunzi hawamsikilizi. Akae kwenye vikao vinavyoamua mambo ya darasa lake. Mpe nafasi ya kuendelea kusoma: tajwidi, ijaza, mbinu za kufundisha, malezi. Mwalimu anayeona kuwa anakua hapo alipo, haangalii mlango kila siku.

5. Wakfu wa mishahara. Mjini Baghdad, waziri Nidhamul Mulk alipoijenga Nidhamiyya katika karne ya 11, aliiwekea mali za wakfu za kuwatunza walimu na wanafunzi. Na kwa zama zetu, tazameni Indonesia. Shule ya bweni ya Gontor, huko Java, ilianzishwa mwaka 1926 na ndugu watatu. Mwaka 1958 waasisi hao waliitoa yote kuwa wakfu wa umma, wakaikabidhi kwa baraza, isiwe urithi wa watoto wao. Ina mashamba ya wakfu na miradi yake ya biashara, na wahitimu wake hujitolea kufundisha mwaka mmoja. Mmeona? Kujitolea kupo, lakini kuna muda maalumu, na taasisi haimilikiwi na mtu. Mwalimu wa kwetu anajituma vipi kwenye kituo ambacho anajua akifa mudir kitagombewa na warithi kama kiwanja?

Ndugu mfadhili, badala ya jengo la nne, jenga fremu sita za maduka karibu na kituo, kodi yake iwe wakfu wa mishahara ya walimu. Hakuna atakayeliona jina lako ukutani. Lakini kila herufi itakayosomwa pale una fungu lako, inshaallah.

NA NYINYI WALIMU

Msidhani nimewasahau. Mkataba una pande mbili. Kuna ustadhi analipwa vizuri na kwa wakati, naye anafika darasani na simu mkononi, watoto wanasoma peke yao. Kuna anayeondoka katikati ya muhula usiku bila kuaga. Kuna anayepiga mtoto kwa hasira zake za nyumbani. Kudhulumiwa na kamati si ruhusa ya kumdhulumu mtoto. Mtoto hakukaa kwenye kile kikao. Dai haki yako kwa maandishi, kwa adabu, kwa ushahidi. Ukishindwa, ondoka kwa taarifa, na umkabidhi mwenzako kila mwanafunzi na pale alipofikia. Hiyo nayo ni amana.

NA NYINYI WAZAZI

Ada ya shule ya Kiingereza mnalipa kabla muhula haujaanza, tena kwa mkopo. Ada ya madrasa ya bweni mnaomba mpunguziwe, kisha mnailipa mwezi wa tano, na likizo ikifika ndiyo wa kwanza kuuliza mtoto amehifadhi juzuu ngapi. Asiye na uwezo asaidiwe, hilo halina mjadala. Lakini mwenye uwezo anayechelewesha, ile hadithi ya dhuluma inamhusu na yeye.

NAMALIZIA

Baada ya usiku ule nilirudi kwenye kamati. Nikasema mbele ya wenzangu kuwa tunadaiwa, na deni hilo halifutwi na muda. Kulikuwa na ubishi. Mwisho tukachanga, mimi nikianza mfukoni mwangu, tukamlipa ustadhi miezi yake minne yote. Nikampelekea mwenyewe kijiweni, nikamwomba msamaha.

Alisamehe. Nikamwomba arudi. Akatabasamu, akasema: "Shekhe, Allah akulipe kheri. Lakini kwa sasa watoto wangu wanajua baba yao anarudi na unga jioni. Sitaki kuwaondolea hilo." Akavaa kofia yake, abiria akapanda, akaondoka.

Deni limelipwa. Mwalimu hakurudi. Na yule mtoto wa juzuu kumi na saba bado yuko kwao.

Kwa hiyo wewe uliye kwenye kamati, usingoje mpaka ukutane na hafidhi wako barabarani usiku. Mpigie leo. Muulize anadai kiasi gani. Kabla hajajibu, mwambie tarehe utakayomlipa.

Allah atusamehe tulipowadhulumu wabebaji wa Kitabu chake. Allah awape walimu wetu riziki ya halali yenye wasaa, awape subira, na awarudishe watoto wetu kwenye Qur'an. Amin.

Kama una mjumbe wa kamati unayemfahamu, mtumie ujumbe huu. Na kama wewe ni ustadhi unayedai, usitaje jina la kituo hapa chini, tusije tukaingia kwenye kuvunjiana heshima. Andika tu idadi ya miezi.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.